Shamba Ambalo Hatukuwa Nalo

Gires alipoiona sura yake ukutani, ndefu kuliko mlango, kwanza alifurahi. Kijana gani asingefurahi?

Ukumbi ulikuwa wa kale, wa matofali na vyuma, karibu na mto, na humo kila mwaka mafundi chokoleti wa London walikutana kwa Sherehe ya Bamba. Mji huo ulianza kunywa chokoleti zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, katika nyumba maalumu ambamo mabwana wenye mawigi walikaa wakinywa, wakicheza kamari na kutukanana juu ya siasa. Waandaaji wa Sherehe walipenda kulisimulia hilo kwa aliyeuliza na kwa asiyeuliza. Siku ya ufunguzi, fundi mmoja aliyechaguliwa huweka mezani bamba kubwa la chokoleti aliyoiunda mwenyewe, akasema maneno machache mbele ya watu, kisha akalivunja kwa nyundo ya mti. Vipande hugawiwa bure. Hakuna kunywa wala kuuza mpaka bamba livunjike, na jina la mvunjaji huchongwa kwenye shaba iliyo mlangoni, likabaki hapo hata yeye akishakuwa udongo.

Mwaka huu mvunjaji alikuwa yeye, Gires wa karakana ya Kingsbury, mkazi wa Edmonton. Alikuja Ijumaa hiyo kupanga meza kwa ajili ya Jumamosi, mkononi amebeba mwiko wake bapa wa chuma uliofungwa kwa kitambaa kama upanga. Akasogea karibu na bango asome yaliyoandikwa chini ya kidevu chake. Hapo furaha ikamfia mdomoni.

Bango lilisema kwamba Gires alikulia mashambani mwa kakao huko Kongo. Kwamba alivuna kakao kwa mikono yake mwenyewe akiwa mtoto asiye na viatu. Kwamba leo mikono ile ile inawaletea watu wa London bamba lao. Na nyuma ya mabega yake ilisimama miti ya kakao, mibichi, imejaa matunda.

"Bila viatu," alisema kwa sauti, na fundi umeme aliyekuwa juu ya ngazi akageuka kumtazama.

Bila viatu! Gires alizaliwa Bukavu mjini, katika nyumba ya matofali iliyotazama ziwa. Baba yake alifundisha Kilatini katika shule ya sekondari, mtu mkavu, mwenye tai moja na maneno mengi, ambaye kila asubuhi alisimama mlangoni kukagua viatu vya wanawe kama jemadari anayekagua gwaride. Kiatu chenye vumbi kilirudishwa ndani, pamoja na mguu wake. Shamba la kakao hawakuwa nalo. Shamba la chochote hawakuwa nalo. Mti wa kakao Gires aliuona kwa mara ya kwanza hapa hapa London, ndani ya nyumba ya vioo kwenye bustani ya mimea, akiwa katikati ya watoto wa shule waliokuwa wakisukumana na kulia njaa. Na kazi ya chokoleti alijifunza Kingsbury, kwa Mama Kokila, nyuma ya duka lake la vitamutamu vya Kihindi, ladu na jalebi, akiungua vidole mpaka vikazoea.

Picha yenyewe ilipigwa uani kwa Mama Kokila, kando ya mapipa ya taka. Sasa mapipa yalikuwa yameondolewa, na kompyuta ilikuwa imepanda msitu mahali pake.

Kando ya bango vilining'inia vipokea sauti vya kuvaa masikioni, na juu yake kibao: Sikiliza familia ikisimulia. Gires akavivaa.

"Mlikuwa na shamba la kakao, sivyo?" iliuliza sauti ya mwanamke wa Kiingereza, laini kama hariri.

"Ndiyo," akajibu mwanamke mwingine, kwa Kiingereza kizito.

"Na watoto walisaidia kuvuna?"

"Watoto, ndiyo."

"Hata Gires?"

"Gires, ndiyo. Wote, ndiyo."

Alikuwa Tantine Josée, dada ya baba yake, aliyemlea tangu baba alipofariki na vita vikawasukuma nje ya mji wao. Lakini haikuwa sauti yake ya nyumbani, ile inayopanda na kushuka na kucheka kabla ya kichekesho. Ilikuwa sauti bapa, ya haraka, kama mtu anayejibu huku ametazama sakafu. Gires aliijua sauti ile. Hakuisikia kwa miaka mingi, na aliomba asiisikie tena.

Akavivua vile vipokea sauti kwa nguvu hata ndoano ikang'oka ukutani.

"Umeipenda?" Imogen, mratibu wa Sherehe, alikuwa amefika nyuma yake, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyopandishwa kwenye nywele. Ndiye mwenye ile sauti ya hariri.

"Ni uongo."

Imogen alicheka kidogo, akaona kwamba anacheka peke yake, akaacha. "Lakini tumeitoa kwenu. Tulimuuliza shangazi yako, naye akakubali. Kila neno limerekodiwa."

"Sijawahi kuvuna kakao. Sijawahi kutembea bila viatu ila baharini, Brighton, na mawe yale yalinikata. Ling'oe."

"Gires, limekwisha kuchapwa. Na vitabu vya ratiba vimekwisha kuchapwa. Watu wanaguswa sana na safari yako."

"Safari yangu ni basi na treni kutoka Edmonton."

Imogen akashusha miwani, ikakaa machoni. Sauti ikabaki laini, lakini sasa hariri ilikuwa imefunika kitu kigumu. "Kama kesho hujisikii kusimama, tutaelewa kabisa. Kuna karakana nyingine imejiandaa. Ni juu yako." Akaondoka, viatu vyake vikilia juu ya vigae.

Basi wamemvisha kilemba cha ukoka, na akikataa kukivaa watakivisha kichwa kingine. Gires alisimama pale akipumua kama aliyepanda ngazi.

Mama Kokila akaingia kwa mlango wa pembeni, amekumbatia sanduku la kalibu za kumiminia chokoleti, sari yake imepandishwa na kuchomekwa kiunoni ili asikanyage. Alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa Kisumu, aliyezungumza Kiswahili chake cha Kenya bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Shika hii kwanza," alisema.

"Ulijua?"

"Shika, bana, mgongo yangu!"

Akalipokea sanduku, akaliweka chini kwa kishindo, kalibu zikalia. "Mama Kokila. Ulijua?"

Mama Kokila alitazama bango, akatazama vidole vyake. "Niliona wiki iliyopita. Walinitumia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Sikiza, dikra, mtoto yangu. Miaka yote nimeomba meza hapa. Wananiambia wewe ni mtu wa ladu, nenda uuze ladu. Sasa wametupa meza, tena meza ya bamba, kwa sababu walionja ile chokoleti yako ya tangawizi wakanyamaza kimya. Niwaambie wachukue meza yao?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Chokoleti ndiyo iliyowanyamazisha. Sasa mbona bango haliisemi chokoleti?"

"Ha! Na mimi je? Soma pale mimi wameniandika nini. 'Kokila, kutoka India, nchi ya viungo.' Mimi ni wa Kisumu! India nimeenda mara moja, arusi ya binamu, nikaharisha wiki nzima nikarudi. Unaniona nimelia? Nimefunga mdomo, nimetengeneza chokoleti."

"Basi wewe umezoea."

"Nimezoea kula." Mama Kokila alipandisha sauti, na fundi umeme akageuka tena juu ya ngazi yake. "Watu hawa hawali chokoleti, Gires, wanakula hadithi. Wape wale! Jina lako liingie kwenye shaba. Halafu mwaka ujao sema vile unataka."

"Jina lipi litaingia? La mtu ambaye hayupo."

Mama Kokila akainama akaanza kupangusa kalibu moja ambayo ilikuwa safi. "Kesho fanya vile roho yako itakuambia," alisema bila kumtazama. "Lakini ujue, karakana haina meza ingine."

Gires alirudi Edmonton na hasira yake imekaa kwenye kiti pamoja naye. Ilikuwa kama mbwa aliyefunguliwa asiyejua amng'ate nani. Kila kituo ilibadili mtu. Mara Imogen na hariri yake. Mara Mama Kokila na kitambaa chake. Lakini kila mara ilimrudia Tantine Josée, ambaye Gires hakutaka imng'ate, na ambaye alistahili kuliko wote, kwa kuwa wale wengine walisema tu kile ambacho yeye aliwakubalia.

Tantine Josée alikuwa sebuleni akipiga pasi sare yake ya kazi. Alifanya kazi ya kutunza wazee majumbani, na sare ile ya buluu aliipiga pasi kama watu wanavyoipiga pasi suti ya arusi. Juu ya kochi alikuwa amekwisha kutandaza kitenge kipya cha kesho, maana alialikwa kiti cha mbele.

"Umefika mapema," alisema. "Kuna ugali na sombe. Jennifer wa kazini alisema na yeye anakuja kesho, na—"

"Tantine, nani alikupigia simu?"

"Simu gani? Simu ni mingi."

"Ya kakao."

Pasi ikasimama. Ikasimama mpaka mvuke ukaanza kulalamika, ndipo akaiinua.

"Ah. Ile ya binti wa chokoleti. Sauti yake mzuri. Aliniita Madam."

"Tulikuwa na shamba la kakao?"

"Hapana."

"Mimi nilivuna?"

"Weye? Weye ata kitanda yako ulikuwa hutandike."

Siku nyingine wangecheka wote wawili. "Sasa kwa nini ulisema ndiyo?" Gires alipaza sauti. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo! Nimekusikia kwa masikio yangu. Ukuta mzima, Tantine! Kesho London nzima itakuja kunitazama miguu kama nimevaa viatu!"

Tantine Josée alizima pasi. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, mbali na kitenge asikikunje.

"Ni juu alikuwa anasoma," alisema.

"Anasoma nini?"

"Sijui. Nilisikia karatasi. Hakuniuliza, 'mlikuwa na nini kule?' Alisema, 'mlikuwa na shamba la kakao, sivyo?' Mtu akisema vile, Gires, ile kitu imekwisha kuandikwa. Ukisema hapana, umepinga faili."

Gires alikwisha kujua linalofuata. Alilijua kama watoto wa wengine wanavyojua hadithi za sungura na fisi.

Walipofika nchi hii, Tantine alihojiwa mara ya kwanza na mkalimani aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Mkalimani akasema kwamba mama huyu alitoka Bukavu kwa miguu. Mara ya pili, afisa akasoma kwenye faili: ulitoka kwa miguu, sivyo? Na Tantine, mtu mkweli, dada ya mwalimu, akasema hapana, bwana, ilikuwa lori. Gires alikuwa pale, kwenye kiti ambacho miguu yake haikufika chini. Alimwona afisa akiinua kichwa. Miguu au lori? Mbona maelezo yako hayapatani? Kwa lori lile walikataliwa. Kwa lori lile walikaa miaka ya rufaa, wanasheria, vyumba vya kuhamishwa hamishwa, kila wiki kwenda kutia saini kama wezi. Na tangu lori lile, mbele ya sauti yoyote ya Kiingereza yenye karatasi, Tantine Josée alikuwa na neno moja tu.

"Lakini yule si mtu wa uhamiaji!" Gires alisema. "Ni watu wa chokoleti, Tantine. Chokoleti!"

"Na mi najua wanapeleka wapi ile sauti? Imerekodiwa. Na ombi langu la uraia liko kwa serikali sasa hivi, halijajibiwa. Kesho usimame mbele ya batu, useme Tantine alidanganya. Nani atanitetea? Yule mkalimani?"

"Kwa hiyo nimzike Papa mara ya pili. Amefundisha Kilatini mpaka sauti ikamkauka, leo nimfanye mvuna kakao."

"Kwani mkulima ni mbwa?" Tantine alisimama. Sasa na yeye macho yalikuwa yanawaka. "Jibu! Mkulima ni mbwa? Babu yako alilima. Ile Kilatini ilisomeshwa na mihogo!"

"Mkulima si mbwa. Ndiyo maana siwezi kumwibia." "Wenye kakao wapo, Tantine. Wako kule Beni. Wanauawa ndani ya mashamba yao, panga la kuvunia likiwa bado mkononi. Weye mwenyewe umewalilia kanisani. Nichukue machungu yao niyavae kama koti la kukodi, bazungu wanipigie makofi?"

Tantine alishika upindo wa sare yake, akaukunja, akaukunjua. Alipoongea, ilikuwa karibu sauti ile bapa.

"Sema ndiyo mara moja tu. Unasimama, unavunja, kwisha. Ata kama si kwa ajili yao. Kwa ajili yangu."

Gires aliingia chumbani akafunga mlango, na ugali ukapoa mezani.

Asubuhi ya Jumamosi ukumbi ulijaa. Walikuwapo wazee wenye makoti mazuri, wanandoa wenye watoto mabegani, na vijana waliovaa mawigi ya karatasi kama mabwana wa zamani. Harufu ya chokoleti moto ilikuwa nzito hata ungeweza kuipaka mkate. Bamba la Gires lilikuwa mezani, jeusi, linang'aa kama maji ya kisima, limepachikwa vipande vya tangawizi iliyokaushwa kwa sukari. Kabla ya ufunguzi alitakiwa kuonyesha kazi. Alimimina chokoleti moto juu ya jiwe la marumaru, akaitandaza kwa mwiko, akaikusanya, akaitandaza tena, mpaka ipoe kiasi chake. Kazi hiyo haina huruma na mtu mwenye hasira. Ukiiharakisha, chokoleti hukauka na mabaka meupe kama ngozi yenye ukurutu. Gires hakuiharakisha. Hasira yote aliisukumia kwenye meno, mkono akauachia kazi yake, na chokoleti ikamtii. Watu wakapiga makofi. Hakuinua macho.

Tantine Josée alikuwa kiti cha mbele, kitenge kipya, kilemba kirefu, mkoba umekaa magotini na mikono yote miwili juu yake. Kando yake alikaa Mama Kokila, midomo imebanwa.

Imogen akashika kipaza sauti. Alizungumza juu ya mji na nyumba zake za chokoleti, juu ya mapokeo, juu ya dunia kuwa ndogo. Kisha akanyoosha mkono kuelekea bango. "Na leo bamba letu litavunjwa na mikono iliyoanza kazi hii ikiwa midogo, chini ya miti ya kakao. Mtoto wa shamba, Gires!"

Akampa nyundo ya mti na kipaza sauti. Nyundo ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani.

Gires alimtazama Tantine. Tantine hakutazama juu. Alikuwa ametazama sakafu, na midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo, ama kwa sala ama kwa lile neno moja.

"Bango lile ni uongo," Gires alisema kwa Kiingereza. Sauti yake ilirudi kutoka kwenye vyuma vya paa. "Mimi si mtoto wa shamba. Mimi ni mtoto wa Bukavu mjini, na baba yangu alikuwa mwalimu. Kakao sikuvuna hata punje. Chokoleti nimefundishwa Kingsbury, na huyu mama, Kokila wa Kisumu. Mkitaka kuila, ileni kwa ajili hiyo. Wanaovuna kakao wana majina yao, na hilo mlilolichapa si mojawapo."

Hapakuwa na makofi. Mtoto mmoja aliuliza kama sasa wanaruhusiwa kula, akanyamazishwa.

Imogen alitabasamu kwa meno tu, akakichukua kile kipaza sauti. "Labda ni vizuri wageni wajue kwamba habari hizi tulipewa na familia yenyewe," alisema. "Tuna sauti iliyorekodiwa. Mama yuko hapa nasi."

Na vichwa vikageuka. Vyote. Wazee wenye makoti, vijana wa mawigi, wote wakamtafuta mwanamke mwenye kilemba, wakampata. Tantine Josée alijikunja kama anayesubiri kupigwa. Gires aliona vidole vyake vikiubana mkoba, na ghafla alikuwa tena kwenye kile kiti ambacho miguu haifiki chini, na afisa anainua kichwa.

Kiburi chake chote, alichokibeba tangu jana kama bendera, kikasimama njia panda. Akakitupa.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma aseme vile. Nilitaka kuchaguliwa. Yeye hana kosa. Uongo ni wangu."

Manung'uniko yakapita ukumbini. Mtu mmoja nyuma alicheka. Mwingine alisema kwa sauti ya kusikika kwamba alijua tu, hawa huwa hivi hivi. Gires alisimama na nyundo mkononi, masikio yakiwaka moto, na ule uongo aliokataa kuuvaa jana sasa alikuwa ameuvaa mbaya zaidi, tena kwa mkono wake mwenyewe. Imogen akanyoosha mkono ili apokee nyundo. Alikuwa karibu kuipata.

"No."

Lilikuwa neno la Kiingereza, na lilitoka kiti cha mbele. Gires hakupata kulisikia likitoka kinywani kwa Tantine Josée mbele ya mtu mwenye kipaza sauti, tangu lile lori.

Tantine alikuwa amesimama. Mkoba ulikuwa umeanguka na hakuuokota. Akaendelea kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza alichokuwa nacho alikuwa amekwisha kukitumia chote.

"Huyu mtoto anadanganya. Hakunituma. Ni mi nilisema, juu mliniuliza kama batu ambao wanajua jibu tayari. Kwetu ni Bukavu. Kaka yangu alifundisha Kilatini. Kakao sijaiona ata na jicho. Na tulitoka kule kwa lori, munasikia? Kwa lori! Si kwa miguu!" Akageuka. "Mama Kokila, waambie."

Mama Kokila alitazama meza. Alitazama kalibu zake zilizopangwa, jina la karakana yake juu ya kitambaa cheupe, meza aliyoililia miaka yote ile. Kisha akainuka, akapanda jukwaani, akamnyang'anya Imogen kipaza sauti, akatafsiri. Hakuruka neno. Hata lori alilitafsiri, ingawa hakuna mtu ukumbini aliyejua lilitokea wapi. Alipomaliza akaongeza la kwake: "Na mimi si wa India."

Mzee mmoja wa mbele alisema, "Aibu," na hakuna aliyejua anamwambia nani.

Gires hakungoja ruhusa. Akainua nyundo akalipiga bamba, si kwa lile pigo dogo la adabu linalotazamiwa, bali kwa mkono mzima, likapasuka kwa mlio mmoja mkali na vipande vikaruka mpaka kwenye viatu vya wafadhili waliokaa mbele. Akapiga tena. Akapiga mpaka hapakuwa na kipande cha kupiga. Yule mtoto aliyeuliza kwanza ndiye aliyesogea kwanza, akaokota, akatia mdomoni. Mama yake akamfuata. Kisha wengine, si wote. Baadhi waliweka chini vikombe vyao, bado vitupu, wakaenda kwenye meza za watu wengine, ambako hadithi zilikuwa bado nzima. Vijana wawili wakapanda ngazi wakaanza kulikunja bango, sura ya Gires ikazama taratibu ndani yake, kidevu kwanza.

Habari ya shaba haikutajwa, naye hakuuliza.

Alishuka jukwaani kumtafuta Tantine. Alimkuta ameketi pale pale, kipande cha bamba kiganjani, na mbele yake Imogen amepiga goti. Macho ya Imogen yalikuwa na machozi, machozi ya kweli kabisa. Mkononi alishika kinasa sauti kidogo, na taa yake nyekundu ilikuwa imewaka.

"Nisamehe," Imogen alikuwa akisema, pole pole, kwa ile hariri. "Hii yenu ya kweli ni nzuri zaidi. Ni nzuri mno. Mwalimu, vita, lile lori. Tunaweza kuirekodi upya. Tutaibandika leo leo mahali pa ile nyingine."

Damu ikampanda Gires kichwani hata akaona giza. Alikuwa na nyundo bado. Hakujua kwamba anayo mpaka Tantine alipoinua kiganja, bila kumtazama, kama anavyowazuia wazee wake wasitoke nje bila koti.

"Tulia," alimwambia kwa Kiswahili. "Ameniuliza mi."

Gires akatulia. Kutulia kulimuuma kuliko kupiga.

Tantine Josée alikitazama kipande kiganjani mwake, akakigeuza upande wa pili, akakitia mdomoni. Akatafuna bila haraka. Imogen alisogeza kinasa sauti karibu, akainamisha kichwa kwa huruma.

"Mlikimbia vita," alisema, "sivyo?"

Ilikuwa kweli. Safari hii ilikuwa kweli tupu. Taa nyekundu iliwaka ikingoja lile neno moja. Tantine Josée akameza, akapangusa vidole kwenye leso, akanyoosha mkono ukingoni mwa jukwaa akachukua kipande kingine.